Shajara ya mradi: Kilimia na ukungu wake wa buluu

Ninachokitafuta

Lengo la mradi huu ni picha moja: kundi la nyota la Kilimia (Pleiades), pamoja na ukungu wa buluu uliozizingira nyota zake. Nyota zenyewe huonekana kwa macho matupu, sita au saba hivi, usiku usio na mbalamwezi. Mwaka 1610 Galileo alichapisha mchoro wenye nyota 36 za kundi hilo, alizoziona kwa darubini ndogo mno kuliko hii yangu. Ukungu ndio uliochelewa kujulikana. Wilhelm Tempel aliiona sehemu yake karibu na nyota Merope mwaka 1859, na baada yake wapo walioutafuta wakaukosa. Halafu mwaka 1885, kule Paris, ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walilielekeza bamba la picha kwenye Kilimia na kuliacha likusanye mwanga kwa muda mrefu. Walipolisafisha wakakuta ukungu karibu na nyota Maia ambao hakuna aliyekuwa ameuripoti kwa kutazama.

Habari hiyo ndiyo iliyonitia hamu. Jicho hutazama kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha huanza upya. Bamba la picha, na leo sensa ya kamera, huweka akiba. Watu wakiiona darubini huuliza kwanza inakuza mara ngapi, na kwa kazi hii swali hilo halina uzito. Kilimia kina upana wa karibu nyuzi 2, sawa na Miezi minne iliyopangwa kwa mstari. Ukubwa tayari upo. Kinachokosekana ni mwanga, na mwanga hafifu hupatikana kwa muda: saa nyingi za kukusanya, nyota zikiwa zimetulia palepale, na uchafu wa kifaa chenyewe ukiwa umeondolewa. Kila uamuzi ulioandikwa humu nimeupima kwa kipimo hicho.

Hesabu kabla ya kufunga chochote

Darubini ni ya lenzi, kipenyo milimita 80, urefu wa fokasi milimita 480, yaani f/6 (urefu huo ukigawanywa kwa kipenyo). Kamera ni ya rangi, ya kupozwa, yenye sensa ya APS-C ya upana wa milimita 23.5 na pikseli za mikromita 3.76. Kuna hesabu moja ambayo kila mpiga picha za anga anapaswa kuijua kwa moyo: chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sekunde za pembe (kila moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja) ambazo pikseli moja inazifunika. Hapa ni 1.6. Uga mzima, yaani eneo la anga linaloingia kwenye picha, unakuwa nyuzi 2.8 kwa 1.9, kwa hiyo Kilimia kinaenea na pembeni inabaki nafasi ya vumbi la nje.

Hesabu ya pili ndiyo iliyoupa mradi sura yake. Dunia inazunguka, na anga hupita juu yetu kwa sekunde 15 za pembe katika kila sekunde ya saa. Kwa darubini hii, nyota iliyo juu ya ikweta ya anga hukimbia pikseli 9 kwa sekunde. Kilimia kiko nyuzi 24 kaskazini mwa ikweta hiyo, basi mbio zake hupungua kidogo tu. Picha ya dakika tatu isiyofuatilia anga ingekuwa na mistari ya pikseli 1,500 mahali palipotakiwa nyota. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bajeti na ya muda wangu imekwenda kwenye kitako, yaani kile kinachobeba darubini na kuizungusha ifuate anga. Anayeanza akiniuliza anunue nini kwanza, nitamwambia kitako, tena kizuri kuliko anavyodhani anahitaji, kisha darubini ndogo ya kukiweka juu yake.

Kitako

Ni kitako cha ikweta: mhimili wake mkuu huelekezwa sambamba na mhimili wa Dunia, na mota huuzungusha mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Huo ndio urefu wa siku kwa kupima nyota. Kitako cha kwenda juu-chini na kushoto-kulia nacho kinaweza kuifuata nyota, lakini uga unajizungusha polepole ndani ya picha, na pembeni nyota zinachora tao. Kwa picha fupifupi kinavumilika. Kwa saa nyingi nisingependa kuhangaika nacho.

Mtengenezaji hutaja uzito ambao kitako kinaweza kubeba. Kwa kutazama tu, namba hiyo inafaa. Kwa picha, busara ya wazoefu ni kubaki kwenye nusu yake. Darubini yangu ikiwa na kamera, kamera ya kuongoza na mikanda ya joto ya kuzuia umande haifiki kilo 6, na kitako kinabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Upepo ukipita, tofauti unaiona.

Kusawazisha uzito kunataka subira. Kila kitu lazima kiwe kimeshafungwa: kamera, nyaya zote, kifuniko kimeondolewa, na bomba la fokasi limetolewa hadi pale litakapokaa usiku. Unalegeza mhimili, unashika darubini kwa vidole viwili, unaiachia. Isipokwenda upande wowote, unaendelea na mhimili wa pili. Mwisho nauacha upande wa mashariki uelemee kidogo sana, ili meno ya gia yabaki yamegusana upande mmoja. Ukisawazisha kikamilifu kabisa, gia hucheza katikati ya nafasi yake na nyota inarukaruka.

Kuhusu kucheza kwa gia: shika ncha ya fimbo ya uzani, ile inayobeba vyuma vya kusawazisha darubini, uitikise taratibu huku na huku. Kama kuna nafasi utaihisi mkononi, kigongo kidogo, tak, kabla mhimili haujakaza. Kwenye kitako changu kigongo hicho kilikuwepo upande wa mhimili wa pili. Dawa yake ni skrubu mbili ndogo zinazoisukuma gia ya parafujo karibu na gurudumu lake. Nilizikaza kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko kila mara, kisha nikazungusha kitako duara zima kusikiliza mota. Mlio ukibadilika na kuwa mzito mahali fulani, umekaza mno. Gurudumu halijawa duara kamili, na pale penye nundu litakwama. Bora gia ibaki ikicheza kidogo kuliko kukwama.

Kuna kosa jingine ambalo halitoki kwa skrubu. Gia ya parafujo huzunguka mara moja kila dakika 8, na kwa sababu hakuna chuma kilichochongwa kwa ukamilifu, nyota inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mdundo huohuo. Nilipoipima bila uongozaji, ilitembea sekunde 15 hivi za pembe kutoka ukingo hadi ukingo, yaani pikseli 9 zangu. Hii ni kawaida kabisa kwa vitako vya daraja hili. Kazi ya kuitibu ni ya kamera ya kuongoza, ambayo nitaifikia.

Ncha ya anga

Mafundisho mengi ya kuuelekeza mhimili mkuu kwenye ncha ya anga hudhani unaiona Kutubu. Nyota hiyo iko chini ya nyuzi moja kutoka ncha ya kaskazini, na ukiiweka mahali pake kwenye darubini ndogo iliyo ndani ya mhimili, umemaliza. Kwa walio kusini hakuna bahati hiyo. Nyota inayotumika, Sigma ya kundinyota Thumni, ina mng'ao wa 5.4 tu (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), na taa kidogo zinaimeza. Na kwa aliye karibu na ikweta, ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na nyumba.

Mahali ninapopigia picha ncha haionekani, kwa hiyo natumia njia ya picha tatu. Programu hupiga picha popote penye anga wazi, huzungusha mhimili mkuu, hupiga ya pili, huzungusha tena, hupiga ya tatu. Kila picha hulinganishwa na katalogi ya nyota hadi programu ijue kwa uhakika kamera ilikuwa imeelekea wapi. Nukta tatu zinatosha kuchora duara, na kitovu cha duara ndipo mhimili unapoelekea kwa kweli. Kisha inaniambia umbali wa kitovu hicho kutoka ncha halisi, na mimi nakaza na kulegeza bolti za kushoto-kulia na juu-chini huku nikiangalia namba ikishuka.

Nashusha hadi chini ya dakika moja ya pembe, naacha. Kosa la dakika moja huisogeza nyota sekunde 16 hivi za pembe kwa saa nzima, na uongozaji hulimeza hilo bila taabu. Kuitafuta sifuri ni kupoteza giza.

Jambo moja kwa wa karibu na ikweta: kabla ya kununua kitako, soma kinashuka hadi nyuzi ngapi za latitudo. Vingine huishia nyuzi 10 au 15, na hata kinachoshuka zaidi kinaweza kugonganisha fimbo ya uzani na mguu wa tripodi. Hapo kigeuze kitako juu ya tripodi ili mguu ukae upande mwingine.

Milimita 55, na theluthi mbili ya moja

Lenzi ya darubini hutengeneza picha iliyopinda kama ndani ya bakuli, wakati sensa ni bapa. Kwa hiyo nyuma ya darubini kuna lenzi ndogo ya kunyoosha uga, na lenzi hiyo imekokotolewa kwa umbali mmoja hadi sensa: milimita 55. Ndani ya kamera, sensa iko milimita 17.5 nyuma ya uso wake. Pete moja ya 21 na nyingine ya 16.5 zinatimiza 55. Ila mbele ya sensa nimeweka kichujio cha kuzuia mwanga wa infraredi na wa urujuanimno, maana kioo cha kamera hii kinaupitisha, na lenzi haziuleti mwanga huo kwenye fokasi moja na ule unaoonekana. Nyota hubaki na mduara mnene kuizunguka. Kioo cha kichujio kina unene wa milimita 2, na kioo husukuma fokasi nyuma kwa theluthi ya unene wake. Umbali sahihi umekuwa karibu milimita 55.7.

Pete nyembamba za plastiki na za shaba zinauzwa kwa kazi hiihii. Nilipiga picha za majaribio kwenye sehemu ya Njia Nyeupe iliyojaa nyota na kuzikuza pembe nne. Kabla ya pete, nyota za pembeni zilikuwa zimevutika, zote zikiashiria katikati ya picha kama mishale. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba sensa iko karibu mno. Ikiwa mbali mno, zingevutika kwa kuzunguka katikati. Pete ya 0.5 ilipunguza, ya 0.7 ikazifanya duara, isipokuwa pembe ya chini kulia.

Pembe moja ikikataa wakati tatu zimekubali, tatizo si umbali tena, sensa imeinama. Nilizungusha kamera nusu duara bila kugusa pete. Pembe mbovu ilibaki palepale kwenye picha, kwa hiyo mwinamo uko ndani ya kamera. Ungekuwa kwenye bomba la fokasi, ubovu ungehamia pembe ya upande wa pili. Kamera ina bamba la mbele lenye skrubu za kurekebisha mwinamo, na kazi hiyo niliifanya mchana, mezani, kwa kipande cha karatasi nilichoandika skrubu ipi imegeuzwa kiasi gani. Haikuisha yote. Ilipungua hadi haionekani mpaka picha ikuzwe kupita kawaida, nami nimeridhika.

Fokasi

Kwa f/6, eneo ambalo nyota inabaki kali ni karibu mikromita 97 tu, sawa na unene wa karatasi ya kuandikia. Bomba la alumini la nusu mita hufupika mikromita 11 au 12 kwa kila nyuzijoto moja inayoshuka, na lenzi nazo hubadilika. Joto likishuka nyuzi 5 kati ya magharibi na usiku wa manane, fokasi iliyokuwa safi saa mbili usiku imeshachakaa.

Kwa kuanzia natumia kinyago cha Bahtinov, kilichobuniwa na Pavel Bahtinov wa Urusi mwaka 2005. Ni kifuniko chenye mianya ya pande tatu. Nyota angavu ikitazamwa kupitia kwake hutoa miali mitatu mirefu, na ule wa kati husogea unapozungusha fokasi. Ukikaa katikati kabisa ya msalaba wa mingine miwili, umefika. Baada ya hapo mota ndogo ya fokasi inachukua kazi: kila saa, au joto likibadilika nyuzi 2, programu hupiga picha fupi kadhaa kabla na baada ya fokasi, hupima upana wa nyota, huchora mchoro wenye umbo la V na kusimama kwenye sakafu yake. Ningeweza kufanya bila mota kwa kuamka mara kwa mara. Lakini mradi wa saa nyingi hauvumilii fokasi mbili tofauti kwenye rundo moja la picha.

Kamera ya kuongoza

Darubini ndogo ya milimita 30, urefu wa fokasi 120, imekaa juu ya ile kubwa, na ndani yake kamera ndogo inatazama nyota kadhaa kwa wakati mmoja. Kila sekunde mbili programu ya PHD2 hupima nyota hizo zimehama kiasi gani na kukiambia kitako kisahihishe. Pikseli moja ya kamera hii hufunika sekunde 6 za pembe, mara nne ya kamera kuu, na watu hushangaa inawezaje kuongoza kitu kikali kuliko yenyewe. Inaweza kwa sababu nyota imetandaa kwenye pikseli kadhaa, na kitovu chake hukokotolewa hadi sehemu ndogo sana ya pikseli.

Kosa la wastani limetulia kwenye sekunde 0.7 za pembe, chini ya nusu ya pikseli yangu kubwa. Niliposhawishika kuisukuma chini zaidi kwa kuongeza ukali wa masahihisho, grafu ilianza kupiga mbizi huku na huku: kitako kilikuwa kinaifukuza mitetemo ya hewa. Hewa hucheza haraka kuliko gia inavyoweza kufuata. Ukali ulirudi chini na nyota zikawa duara.

Kilichobaki kilitoka kwenye waya. Waya wa kamera kuu ulikuwa ukining'inia, na darubini ilipopanda ulinasa kwenye kifundo cha tripodi na kuvuta kidogo kidogo. Kwenye grafu ilionekana kama mteremko mrefu usio na mdundo. Sasa nyaya zote zimefungwa kwenye darubini, na ni mbili tu zinazoshuka chini, tena karibu na mhimili.

Umeme na umande

Betri ya volti 12, saa-ampea 50. Kamera inapopoa, kitako, kompyuta ndogo na mikanda ya joto kwa pamoja havifiki ampea 5, na usiku unaisha betri ikiwa na akiba. Mkanda wa joto uwashwe mapema, kabla ya umande. Kioo cha mbele kinatazama anga baridi na hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Umande ukishatua, kuukausha huchukua nusu saa nzuri ya giza.

Kichujio ambacho hakisaidii

Wenye kupiga picha mjini husifu vichujio vya rangi mbili, na sifa hizo ni za haki kwa kitu kinachofaa. Nebula ya Jabari au ile ya Mkuku hung'aa kwa gesi yake yenyewe, kwenye mistari myembamba: hidrojeni kwenye nanomita 656.3, oksijeni kwenye 500.7. Kichujio huruhusu mistari hiyo na kuzuia karibu mwanga wote wa taa.

Ukungu wa Kilimia ni kitu kingine. Mwaka 1912 Vesto Slipher wa Lowell Observatory, Arizona, alichanganua mwanga wa ukungu wa Merope na kukuta una spektra (mpangilio wa rangi za mwanga) ileile ya nyota zilizo karibu. Kumbe ni vumbi linaloakisi. Mwanga wa nyota una rangi zote, kwa hiyo kichujio chembamba kinatupa kilekile unachokitafuta. Wala vumbi hilo si mabaki ya kuzaliwa kwa nyota hizo. Zina umri wa takriban miaka milioni 100, na wingu hilo zimekutana nalo njiani.

Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: Kilimia kinataka anga la giza na wiki ya mwezi mwandamo. Kwenye kipimo alichopendekeza John Bortle mwaka 2001, kutoka 1 penye giza kabisa hadi 9 katikati ya jiji, nimepachagua mahali pa kuendea pa daraja la 4. Picha za majaribio za daraja la 7 zinaonyesha ukungu wa Merope na wa Maia, lakini vumbi la nje halipo kabisa.

Kukusanya

Kamera inapozwa hadi nyuzijoto -10. Kila picha ni ya dakika tatu. Ningeweza kwenda dakika kumi, ila Alcyone, nyota angavu kuliko zote za Kilimia, na wenzake wangeungua hadi weupe, na setilaiti moja ikipita inaharibu dakika kumi badala ya tatu. Kelele ya kusoma sensa za siku hizi ni ndogo kiasi kwamba picha nyingi fupi hazipotezi chochote cha maana. Nimeongeza seti fupi ya sekunde 30 kwa ajili ya viini vya nyota angavu.

Baada ya kila picha chache kitako kinahamishwa pikseli kadhaa upande wowote. Nyota zitapangwa upya baadaye, lakini pikseli mbovu na mistari ya sensa zitakuwa zimetawanyika, na programu itazitupa. Ukiacha kufanya hivi, mistari hiyo hujipanga na kuonekana kama mvua ya mshazari kwenye mandharinyuma, na hakuna dawa yake baadaye.

Kilimia kikivuka meridiani, mstari wa kaskazini-kusini unaopita juu ya utosi, kitako hugeuka upande wa pili ili darubini isigonge mguu. Programu hutambua uga upya, hurudisha kitu katikati, huanza kuongoza. Nimejifunza kuwa macho wakati huo tu. Mengine yanakwenda yenyewe.

Picha za mwanga sawa

Hapa ndipo ukungu hafifu unapopatikana au kupotea, na nisingependa mtu apite haraka. Mwanga unaofika pembe za sensa ni mdogo kuliko wa katikati, na kila chembe ya vumbi kwenye kichujio huacha duara la kivuli kama pete. Tofauti hizo ni asilimia kadhaa. Vumbi la nje la Kilimia linazidi giza la anga kwa kiasi kidogo kuliko hapo. Ukivuta mwanga wa picha isiyosahihishwa, kinachojitokeza ni kivuli cha darubini yako mwenyewe.

Asubuhi, kabla sijagusa kamera wala fokasi, naweka bamba la taa nyeupe mbele ya lenzi na kupiga mfululizo wa picha ambazo grafu ya mwanga imekaa karibu na katikati. Kamera ikizungushwa hata kidogo kabla ya hapo, picha hizo hazina kazi tena. Kila picha ya anga hugawanywa kwa wastani wa hizo za mwanga sawa. Picha za giza, zenye muda na joto lilelile huku kifuniko kimefungwa, huondoa joto la sensa. Hizo nimezihifadhi maktaba na zitatumika miezi mingi.

Kwenye mrundiko wa kwanza pembe hazikusahihishwa vya kutosha, zikabaki na giza kuliko katikati. Sababu ilikuwa mwanga wa taa za mbali uliopita kwenye mwanya wa bomba la fokasi na kuingia kwenye picha za giza. Zilipopigwa upya chini ya kitambaa kizito cheusi, uga ukanyooka.

Kurundika na kuvuta mwanga

Natumia Siril, programu ya bure. Hupanga nyota juu ya nyota, hukataa kila pikseli iliyotofautiana sana na wenzake, na kutoa wastani. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: saa nne zina usafi mara mbili ya saa moja, na ili usafi huo uongezeke maradufu tena zinatakiwa saa 16. Kwa hiyo usiku unaoongezwa mwishoni huonekana mchache, na bado vumbi la nje linautegemea.

Rangi inasawazishwa kwa kulinganisha nyota za picha na katalogi ya setilaiti ya Gaia. Katalogi hiyohiyo ilisaidia kumaliza ubishi wa umbali wa Kilimia: setilaiti ya Hipparcos ilikuwa imekiweka karibu miaka ya nuru 390, na Gaia ikakirudisha kwenye 440 hivi. Kisha naondoa mteremko wa mwanga wa taa, kwa uangalifu, kwa sababu programu haijui tofauti ya mteremko huo na vumbi la kweli. Sampuli zote za mandharinyuma naziweka kwa mkono, mbali na Kilimia.

Matokeo ya sasa: michirizi karibu na Merope imejitenga, ule ulalo wake wa nyuzinyuzi unaonekana wazi, na kati ya Maia na Alcyone kuna pazia jembamba ambalo kwenye picha moja moja halipo. Rangi yake ni buluu ya kweli, haijaongezwa. Vumbi la kahawia upande wa kusini limeanza, likiwa bado na chenga.

Kinachofuata

Kuongeza saa za giza hadi vumbi la kusini litulie. Pembe ya kamera imeandikwa kwenye mpango wa programu, ili mwezi mwandamo ujao uga utambuliwe na kuzungushwa hadi ulingane na picha zilizopo, tofauti isizidi nyuzi moja. Skrubu za mwinamo nitaziacha kama zilivyo mpaka mrundiko huu ukamilike. Na kwa usiku wenye mbalamwezi, ambao Kilimia hakiutaki, kichujio cha rangi mbili kitaingia kazini kwenye Nebula ya Jabari, picha za dakika tano kwa gesi na za sekunde 10 kwa kiini chake, ambacho huungua kabla ya kitu kingine chochote.